Ukisema Fatma Karume, tuambie yupi: uzi wa akina Fatma waliotikisa

Kasiki (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni ya wakili Fatma Karume kavaa joho la mahakamani, na chini yake mtu kaandika "mjane wa hayati Mzee Karume, mama yetu wa Mapinduzi". Watu wanaitikia amina na kumwombea umri mrefu. Hakuna aliyejiuliza inakuwaje mjane wa mtu aliyeuawa mwaka 1972 awe mwanamke huyo huyo anayetoana jasho na watu Twitter mpaka usiku wa manane.

Basi nimeona tuwatenganishe akina Fatma wetu mmoja mmoja. Na nikisema Fatma, wa bara andikeni Fatuma, wenye kupenda Kiarabu andikeni Fatima. Sitagombana na mtu kwa hilo.

Nianze na hao hao wa ukoo wa Karume.

Mama Fatma Karume ndiye mke wa Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar. Alikuwa mke wa rais tangu Januari 1964 hadi ile jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, mumewe alipopigwa risasi Kisiwandui, pale makao makuu ya chama chake cha Afro-Shirazi (ASP), akiwa kwenye bao na wenzake. Miaka 28 baadaye mwanawe, Amani, akaapishwa kuwa rais wa Zanzibar, akakaa vipindi viwili, 2000 hadi 2010. Mke wa rais, kisha mama wa rais. Wangapi Afrika hii wamepita njia hiyo?

Huyo wa kwenye picha ni mjukuu wake, binti wa Amani. Twitter wanamwita Shangazi. Mwaka 2018 mawakili wa Tanganyika Law Society walimchagua kuwa rais wao, akapokea kijiti kutoka kwa Tundu Lissu. Kabla ya hapo, Agosti 2017, ofisi ya mawakili ya IMMMA aliyokuwa akifanyia kazi Dar es Salaam ililipuliwa usiku. Septemba 2019 Mahakama Kuu ikamsimamisha uwakili Tanzania Bara kwa maneno aliyoyaandika kwenye hoja za kesi ya kikatiba, kesi iliyokuwa inapinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Septemba 2020 Kamati ya Mawakili ikamfuta kabisa kwenye orodha. Juni 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo.

Sasa mtu anachukua historia ya bibi anambandika mjukuu, au anamtukana bibi kwa maneno ya mjukuu. Nimeyaona yote mawili. Mjukuu kuitwa jina la bibi ni jambo la kila nyumba kwetu, ila huku nje tunapojadili siasa tuwe tunasema: bibi au mjukuu.

Lakini Fatma aliyenifanya nikae chini niandike si hao. Ni Malkia Fatuma wa Unguja.

Ndiyo, Unguja ilikuwa na malkia, kabla ya masultani wa Busaidi kutoka Oman, kabla ya karafuu. Mwishoni mwa miaka ya 1600 kisiwa kilikuwa mkononi mwa Fatuma, na mumewe, Abdullah, alikuwa mtawala wa Utondwe, huko mwambao wa bara upande wa Saadani. Nyumba yake ilikuwa Shangani, pale pale Sultan Barghash alipokuja kujenga Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, mwaka 1883. Ukisimama leo Forodhani ukaangalia lile jengo lililoporomoka upande mmoja siku ya Krismasi 2020, chini yake ndipo palipokuwa kwa malkia.

Machi 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu Mombasa. Wareno walikuwa ndani pamoja na Waswahili waliokuwa upande wao, na njaa ikaanza kuwatafuna. Fatuma akawapakilia vyakula majahazini kutoka Unguja. Ngome ilianguka Desemba 1698, baada ya miezi 33, na Waomani hawakuwa wamesahau nani alikuwa analeta chakula. Walishuka Unguja, wakamchukua malkia wakampeleka Oman. Alikaa huko miaka kama 10, akarudishwa mnamo 1709.

Vitabu vingi vya shule vinampa mstari mmoja, na mstari wenyewe unasema alikuwa rafiki wa Wareno. Halafu basi. Mimi nadhani anastahili zaidi ya hapo, na niko tayari kubishana.

Karibuni. Leteni Fatma wenu.

Bint wa Chake

Mkuu Kasiki umeandika vizuri, ila kwenye malkia umeniacha njiani. Wareno waliichoma Mombasa, waliichoma Kilwa, wakatoza ushuru pwani nzima miaka mia na ushee. Watu wa Mombasa wenyewe ndio waliokwenda kuwaomba Waomani waje wawatoe. Leo mtu anawalisha Wareno wasife njaa tumwite shujaa? Kwetu huyo anaitwa msaliti.

Akili Mingi

Uzi mrefu mno. Anayeweza kufupisha afupishe.

Kasiki

Bint wa Chake, shujaa sikusema. Nimesema anastahili zaidi ya mstari mmoja.

Hebu jiweke mahali pake. Wewe ni mtawala wa kisiwa kidogo. Wareno umewazoea, wanakuja, wanachukua chao, wanaondoka. Huko Unguja hawakuwa na jeshi la maana, walikuwa na kanisa na wafanyabiashara wachache. Upande wa pili kuna dola mpya yenye meli za vita, imeshawafukuza Wareno Muscat mwaka 1650 na sasa inataka pwani yote. Wakishinda hao, wewe utabaki kuwa malkia? Yeye alijibu hapana, na alijibu sawasawa. Walipoingia ndio ikawa mwisho wa Unguja kujiamulia mambo yake. Ngome Kongwe pale Forodhani waliijenga Waomani, na kuta zake zilimeza kanisa la Wareno.

Hakuchagua kati ya ukoloni na uhuru. Hicho cha pili hakikuwa mezani.

Mkaazi wa Kibokoni

Mimi ni wa Mombasa, hapo kwenye ngome ni kama uwani kwetu, wacha niongeze.

Watu wanadhani mle ndani walikuwa Wareno na nje Waarabu. Sivyo. Kufikia katikati ya 1697 tauni na njaa vilikuwa vimemaliza Wareno karibu wote, hata kapteni wao akafa Agosti. Unajua nani aliishika ngome? Bwana Daud wa Faza, mji wa visiwa vya Lamu, Mswahili, na jamaa zake. Waliilinda mpaka meli za msaada zikafika Septemba. Kisa cha Faza kuwa ndani ni kwamba mahasimu wao wa Pate walikuwa upande wa Oman. Ilikuwa ugomvi wetu wa majirani, wageni wakaingilia humo.

Kwa hiyo dada wa Chake, ukimwita Fatuma msaliti, utawaita hivyo na watu wa Faza, na utabaki huna wa kumsifu ila Pate, ambao Waomani waliwageukia nao baadaye.

Bint wa Chake

Kaka wa Kibokoni hilo la Faza nimelipokea. Bado lakini. Angekaa kimya tu! Nani alimlazimisha kupakia majahazi?

Mkaazi wa Kibokoni

Kukaa kimya nako ni kuchagua, bibie. Ila nakuelewa.

Mzee wa Gahawa

Nyie vijana mmekwenda karne ya 17 mmemruka Fatuma mkubwa kuliko wote, na amekufa juzi tu.

Fatuma binti Baraka.

Nusu yenu mmekunja uso mnauliza ni nani huyo. Ni Bi Kidude. Mtoto wa muuza nazi, kazaliwa kijijini Unguja, mwaka hata mwenyewe haujui. Akiulizwa umri alikuwa akisema alizaliwa enzi za rupia, mjipigie hesabu wenyewe. Alijifunza kuimba kwa kumfuatilia Siti binti Saad, nguli wa taarab, akazunguka na taarab pwani na bara, peku peku, na alipokuwa bibi kizee ndipo Ulaya wakamgundua. Mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX, yale maonesho makubwa ya muziki wa dunia. Alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013.

Sasa sikilizeni. Watu wa mbali wanamjua kwa taarab na kwa sigara. Sisi wa hapa tunamjua kwa unyago. Ile ngoma ndefu alikuwa akiifunga kiunoni kwa kanga, anaitanua miguu ngoma ikakaa katikati, halafu anaipiga huku amesimama na kiuno kinakwenda. Bibi wa miaka themanini, tisini! Wasichana waliopita mkononi kwake hawana idadi, na alikuwa akiwaambia mambo bila kuzunguka: mume akikupiga nini, mume akikukera nini, mwili wako ni wa nani. Wanawake wa makamo Ng'ambo wakikutana wanacheka tu wakikumbuka.

Msiniletee mawakili na malkia. Huyo ndiye Fatuma.

Nyuki wa Urambo

Mzee wa Gahawa umenena. Mimi nimemsikiliza miaka yote na leo ndio najua anaitwa Fatuma.

Akili Mingi

Bi Kidude alikuwa Fatuma??? Hapo sasa mmenipata. Naanza kusoma toka juu.

Mama Zuu

Nawasalimu. Kwa kuwa Mzee wa Gahawa kamtaja Siti, nami nalileta la kwangu lililoshonana nalo.

Fatma Alloo, Mzanzibari, mwandishi wa habari. Mwaka 1987 yeye na wenzake, akiwamo Edda Sanga tuliyemzoea kwenye Redio Tanzania, walianzisha TAMWA, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania. Wakati huo serikali ndiyo ilikuwa na redio, ndiyo ilikuwa na gazeti. Mwandishi wa kike alipewa habari za mapishi na harusi. Mke akipigwa mpaka akafa, gazeti liliandika "ugomvi wa nyumbani".

Wakaanzisha jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Siti yupi? Huyo huyo binti Saad. Wakaanza kuandika kubakwa ni kubakwa, kupigwa ni kupigwa. Kelele zile, pamoja na za vikundi vingine vya wanawake, ndizo zilizosukuma mpaka Bunge likapitisha sheria ya makosa ya kujamiiana mwaka 1998, ile mnayoisikia mahakamani kwa jina la SOSPA. Kabla yake, wabakaji wengi walikuwa wakitoka na kifungo cha kuchekesha.

Na baadaye Alloo huyo huyo akawa miongoni mwa walioanzisha tamasha la filamu la ZIFF kule Unguja.

Picha yake hairushwi WhatsApp. Nimemaliza.

Kasiki

Mama Zuu, ahsante sana. Huyu sikuwa nimempanga kwenye orodha na sasa namweka juu. Malkia alipoteza, Bi Kidude alipendwa, wakili bado anapambana. Alloo na wenzake sheria ilibadilika.

Mtaa wa Nyuma

Majirani, Kenya tupo. Nimesoma hapo juu eti "wangapi Afrika wamepita njia hiyo", mke wa rais kisha mama wa rais. Sisi tunaye: Mama Ngina. Mume Jomo, mwana Uhuru. Kwa hiyo Unguja hamko peke yenu.

Na kwa kuwa nimemtaja Uhuru, wacha niwaletee Fatou Bensouda. Msiseme si Fatma, Gambia na Senegal ndivyo wanavyomwita Fatuma wao. Alichukua kiti cha mwendesha mashtaka mkuu wa ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Juni 2012 kutoka kwa Ocampo, akakuta mezani faili la Kenya la vurugu za baada ya uchaguzi. Machi 2013 mshtakiwa wake akawa rais wetu! Naibu wake, Ruto, naye mshtakiwa. Nyie hamjui zilivyokuwa siku zile. Jina la Bensouda lilikuwa kila matatu, kila kinyozi. Wengine wakiomba kanisani ashindwe, wengine wakiomba asikate tamaa, na wote wametoka mtaa mmoja.

Oktoba 2014 Uhuru akapanda ndege kwenda The Hague, akawa rais wa kwanza aliye madarakani kusimama mbele ya mahakama ile. Desemba Bensouda akaondoa mashtaka, akisema ushahidi hautoshi na serikali ya Kenya haikumpa ushirikiano. Aprili 2016 kesi ya Ruto na mtangazaji Sang nayo ikafungwa.

Waliopoteza watu wao 2007 na 2008 hawakupata kesi. Hilo ndilo ninalomlaumu nalo, na najua si yeye peke yake.

Nyuki wa Urambo

Lakini mkuu, mashahidi walikuwa wanajitoa mmoja baada ya mwingine. Angeshtaki kwa hewa?

Mtaa wa Nyuma

Ndio maana nimesema si yeye peke yake. Na nimpe haki yake: alipogusa mambo ya Afghanistan, Marekani ikamwekea vikwazo Septemba 2020, akaunti zikafungwa kama za muuza unga. Vikaondolewa Aprili 2021. Yaani alichukiwa na wakubwa wa pande zote, jambo ambalo kwa mwendesha mashtaka si baya sana.

Talib wa Tanga

Mmemsahau Fatima al-Fihri, aliyeijenga Qarawiyyin kule Fez mwaka 859. Mali yote ya urithi aliitia humo. Chuo kikuu kongwe kuliko vyote duniani!

Kasiki

Talib, msikiti wa Qarawiyyin upo na ukongwe wake hauna mjadala. Habari za Fatima mwenyewe ndizo za kwenda nazo taratibu: aliyetuletea ni Ibn Abi Zar', aliyeandika karne ya 14, miaka kama 500 baada ya tukio, na wapo wanahistoria wanaolitilia shaka simulizi hilo. Na kuuita chuo kikuu tangu siku ya kwanza ni kuvuta kamba, ulianza msikiti, elimu ikakua humo. Namweka, ila kwa penseli.

Talib wa Tanga

Kwa penseli! Haya bwana.

Mbio za Vijiti

Wakuu wa riadha mko wapi? Fatuma Roba!

Mwethiopia wa Arsi, mkoa uliomtoa Derartu Tulu na Haile Gebrselassie. Atlanta 1996 hakuwa kwenye midomo ya watu. Wote walikuwa wanamtazama Yegorova wa Urusi, bingwa mtetezi wa Barcelona. Roba akachomoka mapema, akakimbia peke yake kama ametumwa dukani na hataki kuchelewa, akamaliza kwa saa 2:26:05. Yegorova alifika dakika 2 kamili nyuma yake. Dakika 2 kwenye marathoni ya Olimpiki! Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika kuchukua dhahabu ya mbio hizo.

Halafu akaenda Boston akaigeuza nyumbani: 1997, 1998, 1999. Mara tatu mfululizo.

Mtaa wa Nyuma

Na mwaka 2000 nani alimzuia? Sema tu, usiogope.

Mbio za Vijiti

Catherine Ndereba, najua, najua. Wakenya bwana. Akachukua 2000, 2001, 2004 na 2005. Nimesema. Umeridhika?

Mtaa wa Nyuma

Sasa naweza kulala.

Bint wa Chake

Kasiki, narudi kwa malkia wako, hajanitoka kichwani. Alipokuwa Oman nani alikaa kwenye kiti? Waomani waliweka mtu wao?

Kasiki

Mwanawe Hassan ndiye aliyemrithi, ila sasa chini ya Oman. Anatajwa kwa kufyeka pori na kufungua mashamba kwenye lile eneo la Mji Mkongwe na ng'ambo ya hori. Kwa hiyo ukoo haukufutwa, ulibaki na kiti kisicho na mamlaka yake ya zamani. Watawala wenyeji wa Unguja waliendelea hivyo, na baadaye ndio mkawasikia kwa cheo cha Mwinyi Mkuu. Wa mwisho wao walihamia Dunga, na Seyyid Said, sultani wa Oman, alipoleta makao yake Unguja aliwakuta wangalipo.

Bint wa Chake

Kumbe Mwinyi Mkuu wa Dunga anatoka huko! Hapo umenifungua. Lile gofu la Dunga nimelipita mara nyingi nikielekea Chwaka bila kuliunganisha na huyu mama. Msaliti wangu ana wajukuu wenye jumba.

Mzee wa Gahawa

Pole pole mtamaliza kumpenda.

Bint wa Chake

Thubutu.

Akili Mingi

Nimemaliza kusoma. Mnazungumza siasa na ngoma mmesahau mpira. Fatma Samoura je? Msenegali, kafanya kazi Umoja wa Mataifa zaidi ya miaka 20, Mei 2016 akateuliwa katibu mkuu wa FIFA. Mwanamke wa kwanza, na wa kwanza asiyetoka Ulaya. Kakaa mpaka mwisho wa 2023.

Nyuki wa Urambo

Si ndiye aliyeletwa CAF, shirikisho la soka Afrika, kusafisha nyumba? Ilikuwaje?

Akili Mingi

Ndiye. Agosti 2019 FIFA ikampa miezi 6 ya kuisimamia CAF, rais wa CAF akiwa Ahmad wa Madagascar. Watu walipiga kelele kwamba huo ni ukoloni, wakubwa wa UEFA, soka ya Ulaya, nao hawakupendezwa. Februari 2020 muda ukaisha, hakuongezewa. Novemba mwaka huo FIFA ikamfungia Ahmad miaka 5, CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, wakaja kuipunguza kuwa 2. Machi 2021 akaingia Motsepe wa Afrika Kusini kuwa rais wa CAF, bila kupingwa.

Mbio za Vijiti

Kwa hiyo alisafisha au hakusafisha?

Akili Mingi

Kaonesha palipo na uchafu. Wenye ufagio walikuwa wengine, na ukitaka tubishane kuhusu huo ufagio fungua uzi wako, humu mleta mada atatufukuza.